Klabu yetu ya taarab na mlango wa mazoezi

Kwa miaka mingi sasa mimi ni katibu wa klabu ya taarab huku Ng'ambo, Unguja. Siimbi. Sauti niliyopewa inatosha kusomea kumbukumbu za mkutano uliopita, na hapo pia wajumbe hunitaka nifupishe. Kazi yangu ni daftari, barua, vibali, kupokea simu za wenye harusi, kumkumbusha mpiga besi kwamba gari litapita saa kumi na mbili wala si saa mbili, na kubishana na mweka hazina. Lakini kiti cha katibu kinamweka mtu mahali pazuri pa kutazamia. Mwimbaji huona watu walioko mbele yake usiku ule. Katibu huona nani amekuja, nani ameacha kuja, na kimemzuia nini.

Kauli ninayoisikia sana kwa wageni rasmi ni kwamba tudumishe utamaduni wetu. Husemwa jukwaani, mitambo ikiwa imetulia vizuri, kisha msemaji hupanda gari kabla bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, haijesha. Simlaumu, ana shughuli zake. Ila mimi ninavyoona, klabu ya mtaani haiishi kwa siku ya onyesho. Inaishi kwa usiku wa mazoezi, ule usiokuwa na mgeni rasmi wala viti vya kukodi. Mtu anayetaka kukisaidia kikundi cha kwao, kiwe cha taarab, cha kidumbak au cha ngoma, aanzie hapo. Na kikundi kinachotaka kupendwa mtaani nacho kianzie hapo.

Taarab ya Unguja inasimuliwa kuwa ilianzia kwenye majumba ya wafalme. Husemwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi. Ya jumbani imebaki hadithi. Iliyoishi ni ya klabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi wetu tunaiita Malindi tu, na mpaka leo inapiga. Mwaka 1958, katika joto la siasa za kabla ya uhuru, likazaliwa kundi la vijana lililoitwa Shime Kuokoana, ndilo tunalolijua sasa kwa jina la Culture Musical Club. Baina yao palikuwa na klabu za akina mama, nyingine zikijipa majina ya majeshi ya Mwingereza, Royal Air Force na Royal Navy, zikishindana kwa nyimbo na kwa mavazi. Bibi zetu walikuwa na maneno makali kuliko bunduki za hao waliowaazima majina.

Siri ya kudumu kwake ni kwamba klabu haina mwenyewe. Bendi ya mtu mmoja, mwenyewe akiondoka, ndugu hugawana vyombo na fidla ikaishia juu ya kabati. Klabu ina katiba, ina ada, ina mwenyekiti anayeweza kuondolewa, na ina kabati lenye funguo mbili kwa watu wawili wasioelewana sana. Kwetu yuko fundi cherehani, yuko mwalimu wa skuli, yuko karani wa bandarini, yuko mama anayeuza khanga na yuko mvuvi ambaye msimu wa samaki hatumwoni. Hakuna anayeishi kwa taarab. Kwa hiyo kinachowarudisha watu klabuni usiku baada ya kazi si pesa, na ukikosa kujua ni nini, utaendesha klabu mpaka ifungwe mikononi mwako.

Tuyatazame hayo mazoezi yenyewe. Baada ya isha watu huingia mmoja mmoja. Mpiga kanuni hutangulia, maana chombo chake kina nyuzi zaidi ya sabini, zikiwa tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya bahari haizionei huruma. Akishazilinganisha ndipo fidla, udi na akodiani wanapochukua sauti kwake. Kisha maalim, kiongozi wetu wa muziki, hutoa karatasi ya mashairi na kuyasoma kwa sauti ya kawaida, bila muziki, ili kila mtu, hata mpiga rika, lile tari dogo, ajue kinachosemwa. Nimewahi kusikiliza makundi yanayoiruka hatua hii. Utaijua mara moja: fidla inacheka pale mwimbaji anapolia. Baada ya hapo huja kiitikio, kisha vipande vya muziki vya kati ya beti, kisha mwimbaji huachiwa uwanja. Wimbo hukatwa katikati, hurudiwa, maalim huudhika, mpiga ngoma ya dumbaki hutaniwa, na wimbo huanza tena.

Kwa mtu wa nje haya yanafurahisha kuliko onyesho. Lakini zamani mtu wa nje hakuwa akiyaona, kwa sababu wazee walifunga mlango, na madirisha pia, hata wakati wa kaskazi. Walikuwa na sababu zao. Wimbo mpya ulitolewa Sikukuu, na klabu pinzani ikiudokoa mapema, Idi Mosi hiyohiyo inakuja na wimbo wa kuujibu. Palikuwa na watu waliotumwa kusimama chini ya dirisha wakijifanya wanasubiri mtu. Nilipotoa hoja kwenye kamati kwamba mlango ufunguliwe, maalim wetu aliniambia:

"Katibu, nyimbo mpya ni kama bi harusi. Haionyeshwi uso kabla ya siku yake."

Nikamwambia, "Sawa, maalim. Na zile ambazo zishaolewa na zina wajukuu?"

Wakacheka, na katika kicheko hicho tukapata mapatano. Jumatano ikawa ya nyimbo za zamani, mlango wazi, mabenchi mawili yakitolewa nje. Nyimbo mpya zikapewa usiku mwingine, madirisha yakifungwa na pangaboi likipiga kelele zake.

Walioanza kuja ni watoto. Hao huja popote penye ngoma na wala hawahitaji tangazo. Wakafuata vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria pale njia panda, halafu akina mama waliokuwa wakipita kurudi kutoka shughulini, wakisimama kidogo, buibui likiwa mkononi, kisha kidogo ikageuka saa nzima. Hakuna aliyelipa kitu. Mweka hazina alinikumbusha hilo kila Alhamisi asubuhi.

Faida ilikuja kwa njia ambayo tikiti haionyeshi. Mtu aliyesikia kiitikio kikirudiwa mara tano Jumatano, Jumamosi akiwa harusini anakijua. Anayekijua huitikia. Anayeitikia hunyanyuka. Na anayenyanyuka, mkononi ana noti. Wimbo ambao watu hawaujui husikilizwa kwa adabu, na adabu haijawahi kununua nyuzi za kanuni. Wenye harusi wakaanza kutupigia simu wakitaja nyimbo kwa majina, tena nyimbo ambazo hata sisi wenyewe tulidhani zimeshasahauliwa, kwa kuwa walizisikia wakiwa wamekaa nje kwenye benchi letu.

Kuna usiku mmoja ambao nikiulizwa faida ya mlango wazi huutaja huo tu. Tulikuwa tukipiga wimbo wa mafumbo wa enzi za bibi zetu, ambao kwenye daftari letu una beti tatu. Tulipomaliza, sauti ya kike ikatoka dirishani:

"Mwanangu, hiyo nyimbo mmeikata mkia."

Alikuwa bibi wa makamo ya juu, mgeni machoni mwetu, mkoba wa ukili kwapani. Maalim akatoka nje, akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nakwambia mmeikata. Ya nne iko wapi?"

Maalim akamwambia kwa upole kwamba sisi tunazo tatu tu. Yule bibi akatutazama kama anayetazama watoto waliotumwa dukani wakarudi na chenji pungufu, akaupandisha mtandio begani, akaanza kwa sauti ndogo iliyokaa sawasawa kwenye mahadhi:

Nikuweke barazani, wauliza chumba changu?
Kahawa i mkononi, wanyatia chano changu?
Mgeni huna hisani, huridhiki na mafungu,
Basi toka ukumbini, uniachie na wangu.

Akina mama waliokuwa benchini walipiga vigelegele kabla hajamaliza mstari wa mwisho. Ule "wangu" ulikuwa na mtu wake, kila mmoja alimjua wake. Sasa tukaelewa kwa nini wimbo ule ulikuwa ukiishia hewani: beti tatu za kwanza zinamsifu mgeni kwa upole wa kutilia shaka, na ya nne ndiyo inayomtoa nje. Aliyetunakilia daftari zamani huenda aliona ukali ukazidi, au karatasi iliraruka, Mungu ajuaye. Fedha zozote ambazo tungezitumia kutafuta ubeti ule zisingetufikisha kwa bibi yule. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe mtaa wa pili na akavutwa na fidla.

Kuhusu matangazo nina machache ya kusema, na yote yanarudi kwenye majina. Mabango mengi ya vikundi vyetu huandikwa "kikundi cha taarab cha asili", na chini yake tarehe. Nani anapiga? Nani anaimba? Hakuna. Hujui kama ni watu au ni samani. Sisi tukaanza kuandika majina yote, hadi ya anayebeba besi na anayeangalia mitambo. Bango likawa na maandishi mengi na fundi wa kuchapa akalalamika kwamba halina urembo. Lakini kila jina lina mama, shangazi, jirani na watu waliosoma naye skuli, na hao ndio wanaojaza ukumbi wa mtaani, si wapenzi wa muziki kwa ujumla wao. Mpiga selo wetu, mtu mkimya ambaye watoto wake walidhani baba huenda klabuni kucheza bao, alisikilizwa na nyumba yake nzima kwa mara ya kwanza baada ya jina lake kuonekana kwenye ukuta wa duka.

Tena jambo hili si geni. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipokwenda Bombay 1928 kurikodi santuri, hakwenda peke yake. Tunawajua Subeti, Mbaruku na Maalim Shaaban waliopiga na kuimba naye, kwa sababu kulikuwa na watu waliowataja na waliowaandika. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na kwa kalamu ile mwanamke aliyefariki 1950 bado anaulizwa habari na watoto wa skuli. Ni wapigaji wangapi wazuri wa mitaa hii waliokufa wakiwa "yule bwana wa fidla"? Ninawajua baadhi yao, na hata mimi jina la mmoja lilinitoka, nikalazimika kuuliza kwa mkewe.

Njia nyingine za kutangaza ni za kawaida. Gari lenye spika linafaa siku ya onyesho lenyewe, si siku moja kabla, kwa maana watu husahau. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, picha ya bango hupita bila kufunguliwa, lakini sauti ya mwimbaji mwenyewe akisema kwa nusu dakika, "Jamani, leo tupo, nakuja na ile mnayoipenda," husikilizwa na kupelekwa mbele. Na siku isiyobadilika ina nguvu kuliko tangazo lolote. Tulipohamisha Jumatano kwenda Jumanne kwa ajili ya mjumbe mmoja mwenye zamu ya usiku, mabenchi yalikaa matupu mpaka tuliporudi.

Sasa kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti akiwa anaimba. Anayetaka kuelewa taarab asitazame jukwaa, atazame njia kati ya viti. Mtu hunyanyuka, noti juu, hutembea taratibu mpaka kwa mwimbaji, na ubeti aliouchagua kunyanyukia ndio ujumbe wake. Anaweza kumtunza mwimbaji huku uso ameuelekeza kwa shoga yake wa safu ya nyuma. Mwimbaji mzoefu akimwona anakuja huurudia mstari, mara mbili, mara tatu, na wapigaji humfuata bila kuambiwa. Kikundi kisichojua kurudia kwa ajili ya mtunzaji kinapoteza mapato na kinapoteza mazungumzo. Hii ndiyo sanaa ambayo hukuti kwenye nota za maalim yeyote. Huipati ila kwa kukaa na wenzako usiku mwingi.

Na pesa ile ni ya nani? Swali hili limevunja vikundi vingi kuliko uhaba wa vyombo. Mwimbaji atasema nimetunzwa mimi. Wa fidla atasema ungeimba na nini. Kwetu kanuni ni moja: noti zote huingia kwenye sinia mbele ya jukwaa, huhesabiwa usiku uleule mbele ya watu watatu, sehemu huenda kwenye mfuko wa klabu na iliyobaki hugawanywa, mwimbaji akiongezwa kidogo. Hakuna anayefurahi kabisa, na ndiyo maana nadhani ni kanuni nzuri. Wakati wa kuhesabu kesho yake asubuhi haufai. Usiku mmoja unatosha noti kupungua na maneno kuongezeka.

Simu zimeleta fitina mpya. Wanaotupenda hurikodi na kusambaza, na ni kweli video fupi imetuletea wateja kutoka Pemba na Dar es Salaam. Lakini harusini akina mama wamevua buibui, wamejipamba, wako kwenye ukumbi wao, na hawakuja ili wazunguke kwenye simu za watu wasiowajua. Tulipewa onyo kali na familia moja, na walikuwa na haki. Tangu hapo mshereheshaji hutangaza mapema: kamera jukwaani tu, anayepiga picha viti atatolewa. Tukaweka kijana wetu mmoja mwenye kurikodi rasmi, akiwa amesimama mahali ambapo lenzi haiwezi kuwafikia waliokaa. Mtu anayetaka kukitangaza kikundi cha kwao aangalie hili kabla hajabonyeza kitufe. Ukumbi ukipoteza uaminifu wa akina mama, taarab imebaki na wapigaji na viti.

Hoteli zina habari yake. Wengi huona kupiga hotelini ni kuuza utu, wengine huona ndiyo riziki pekee. Mimi niko katikati, tena karibu zaidi na riziki. Hoteli hutaka wapigaji watano, wakae pembeni, wasipandishe sauti, wawasindikize watu wanaokula. Wimbo wa dakika kumi na tano hukatwa ukawa wa tano. Kijana wetu wa udi aliniambia siku ya kwanza, "Katibu, pale hata nikikosea hakuna anayejua." Hilo lilinitia hofu kuliko ujira mdogo. Mpigaji anayezoea kutosikilizwa hulegea, na kulegea kwake hukaa mkononi hadi kwenye harusi. Tukakubali kazi hizo kwa sharti la zamu, mtu asiende wiki mbili mfululizo, na wimbo mmoja katika kila usiku uimbwe mzima, mwanzo mpaka mwisho, atakayesikiliza asikilize. Fedha za hoteli ndizo zilizotununulia nyuzi za udi zilizo halali. Kabla ya hapo baadhi ya nyuzi za udi wetu zilikuwa mshipi wa kuvulia, na mvuvi wetu ndiye aliyekuwa akizileta, akijisifu kwamba taarab nzima inategemea duka lake la zana.

Tamasha kubwa ni kitu kingine tena. Sauti za Busara, linalofanyika tangu 2004, limewaweka watu wa vijiji vya Unguja jukwaa moja na wageni wa dunia pale Ngome Kongwe, na nimeona heshima ambayo kijana huipata akitoka pale. Bi Kidude, ambaye mtaani alijulikana kwa ngoma za unyago kabla ya kujulikana Ulaya, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na alifariki 2013 akiwa bado anaitwa kuimba. Lakini tamasha ni usiku mmoja kwa kikundi kimoja. Klabu inayoishi kwa kulisubiri tamasha huja na mavazi mapya na nyimbo zilezile.

Nilipochukua ukatibu nilikabidhiwa daftari kubwa lenye majalada ya kitambaa, lililoandikwa na makatibu walionitangulia kwa wino wa rangi tofauti. Ndani yake kila wimbo una aliyetunga mashairi, aliyetia mahadhi, na aliyeuimba kwanza, kwa kuwa katika taarab hao mara nyingi ni watu watatu mbalimbali. Baadhi ya kurasa zina jina la mwimbaji tu. Hapo ndipo ugomvi ulipo, maana wimbo ukisikika redioni au ukitiwa upya na kijana mwenye studio, familia ya mtunzi huja kuuliza. Tumejitahidi kuzijaza nafasi hizo tungali na watu wa kuwauliza, na nyimbo zenye uhakika tumezipeleka kusajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki. Kazi hii haina vigelegele. Ila nikipata kijana anayesema anataka kusaidia klabu na hajui kupiga chochote, humpa simu yenye kinasa sauti na orodha ya wazee watano. Anarudi na nyimbo mbili na hadithi kumi, na kwa kawaida harudi nyumbani tena Jumatano.

Watu hutuuliza kama vijana wanaitaka taarab hii ya kukaa vitini, wakati rusha roho na singeli zinawachezesha kila kona. Mimi naona swali limekaa vibaya. Vijana wanataka kitu cha kufanya. Zamani kidumbak ndicho kilikuwa skuli ya wapigaji wengi wa taarab: ngoma mbili ndogo, fidla moja, besi ya sanduku, mkwasa na cherewa za vifuu, harusi inachezwa mpaka jasho, na kijana anajifunza mapigo mbele ya watu wasiosamehe. Siku hizi kipo pia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 kwenye jengo la forodha ya zamani, ambako wasichana wanashika fidla na kanuni, vyombo ambavyo katika klabu nyingi mwanamke alikuwa akivipita tu akielekea kwenye kipaza sauti. Wawili kati ya wapigaji wetu wa fidla sasa ni wasichana, na mmoja wao alianza kwa kukaa benchini kwetu akifanya kazi zake za skuli. Mama yake aliweka sharti kwamba asindikizwe kurudi nyumbani na asipige usiku wa kuamkia mtihani. Tuliliandika sharti hilo kwenye kumbukumbu za kamati, likapitishwa kama kifungu cha katiba.

Yule msichana ndiye aliyetuletea kesi tunayoishughulikia sasa. Watoto wa Jumatano wamekuwa wengi, wengine wanajua viitikio kuliko wajumbe, na wameleta barua, iliyoandikwa na mmoja wao kwa penseli, wakiomba uanachama. Katiba yetu inataka mwanachama awe na umri wa miaka 18. Kamati ilikaa. Mwenyekiti akasema katiba ni katiba. Mzee wetu wa dumbaki, ambaye kwa kawaida huongea mwisho wa mkutano ili aulize chai, alinyanyua mkono akasema yeye aliingia klabuni akiwa hajabaleghe, kazi yake ikiwa kubeba besi, na kwamba aliyemwandika jina alimwongezea umri kwa kalamu.

Nikalifungua lile daftari la majalada ya kitambaa. Kweli, jina lake lipo, na tarakimu ya umri imekolezwa mara mbili.

Maalim akasema waandikwe, ila wasiingie usiku wa nyimbo mpya, maana mtoto hana kufuli mdomoni. Mtu wa mitambo akauliza fidla ndogo za mikono ya watoto zitatoka wapi. Mweka hazina hakuuliza chochote. Aliuchukua ule waraka wa penseli, akahesabu majina, akachora msitari chini yake, na akaanza kuzidisha kwa ada ya mwezi.